Mstari Ambao Babako Hakuumaliza

Mwanangu Rukia,

Assalaam aleikum, ingawa tunalala nyumba moja na leo ni siku ya nne hatusalimiani. Nimefunga duka baada ya Alasiri, mwenye kanzu yake nimemwambia arudi Jumatatu, nami nimekaa kwenye cherehani nakuandikia juu ya karatasi ya kukatia vipimo. Usishangae ukigeuza upande wa pili ukaona mkono wa shati. Kwa mdomo siwezi. Nikifungua mdomo mbele yako nataka kushinda, na wewe vivyo hivyo, mamako anabaki kutuangalia mmoja mmoja kama yuko uwanjani.

Mambo ya safari mimi simo. Blanketi, sabuni, watu wa Nairobi na ujanja wao, yote mamako ameshakwambia, na naona amekutilia chupa mbili za achari utadhani huko chuo kikuu watu hawali. Mimi nataka kuzungumza juu ya ile video.

Wiki tatu zilizopita ulipanda Vitengeni kumuaga Babu Kazungu. Ulikaa naye kibarazani, ukamwegeshea simu mbele yake, na mzee wa watu haoni, macho yamekufa zamani. Ukamwuliza, "Babu, Mungu wako ni mmoja au ni watatu?" Akakuna kidevu, akasema, "Sijui, mjukuu wangu." Ukakata hapo hapo. Ukatia na kile kicheko cha kwenye simu, ukaandika chini kwamba huyu ni shemasi wa kanisa tangu hujazaliwa na hajui anamwabudu nani, ukawatumia wenzako wa lile kundi la mihadhara. Ikatembea. Mtu aliyekuja kupunguza suruali ndiye aliyenionyesha, hapa hapa nilipokaa.

Na mimi, Mungu ananiona, nilicheka. Sikumtambua mara moja, picha ilikuwa ndogo na kofia imemfunika. Nilicheka na mteja wangu mpaka nikakohoa, halafu nikaona ule mkono unaokuna kidevu, kidole cha shahada hakina kucha, na nikajua ni nani. Mkuki kwa nguruwe, mwanangu, mkuki kwa nguruwe. Nilimrudishia mteja simu yake na suruali yake nikaiharibu, nimekata mguu mmoja mfupi.

Ndipo nilipokuja nyumbani nikakupigia kelele zile. Nilisema maneno mabaya na nakuomba radhi kwayo, hasa lile la kwamba huna adabu, kwa sababu adabu unayo, na utovu wa siku ile hukuuokota njiani. Ulinijibu, "Baba, kwani nimesema uongo? Mimi nimejifunza kwako. Kanda zako nimezisikiliza zote." Kisha ukaweka simu juu ya meza. "Sikiliza yote basi, mwanzo mpaka mwisho, uone kama nimemsingizia." Ukatoka.

Nilisikiliza yote. Nitakuja hapo. Lakini kwanza nikueleze hizo kanda, maana umezisikia sauti zake tu, hukuona aliyekuwa amesimama upande wa pili.

Unajua kwamba bibi yako, mamangu, alikuwa Mgiriama wa Vitengeni, akasilimu alipoolewa na babangu hapa Malindi. Babangu alipofariki nilikuwa na miaka minane. Mama hakuwa na kitu, akanipeleka kwa kakake, huyo Mjomba Kazungu, nikakaa kwake miaka minne. Yeye Mkristo, mkewe Mkristo, nyumba ya pili babake anamwagia koma, mizimu ya wazee wao, mnazi, na katikati yao mimi mtoto wa Kiislamu na kofia yangu. Nikwambie alichofanya? Alikuwa na sufuria moja imetundikwa ukutani, nyeusi kwa nje, ndani inang'aa. Haikupikiwa kitu ambacho Mwislamu hali. Aliinunua siku dadake aliposilimu, ili akija nyumbani kwao apate kula bila wasiwasi. Jirani akija kuiazima ananyimwa, hata awe na msiba. Na kuku hakuchinjwa pale kwa mkono wa mwenye nyumba. Nilipokuwa mdogo alichukua kuku kwapani mpaka kituoni kwa muuza duka Mwislamu, akarudi naye amechinjwa. Nilipofika miaka kumi akanipa kisu mimi. Ijumaa alinishika mkono akanipeleka msikitini, akakaa nje chini ya paa la duka akiningojea, ameshika viatu vyangu visiibwe.

Macho yake yalikuwa yameanza ukungu tangu ujana, na kusoma hakujifunza. Lakini Biblia alikuwa nayo, akiipenda mno. Basi nikitoka shule jioni, yeye anapukuchua mahindi, mimi namsomea. Nilikuwa nasoma kwa tabu, naunganisha herufi, naye anangoja. Nikifika pahali panapompendeza, mikono inasimama. Mahindi hayasikiki tena kuanguka kwenye ungo. Ninapokosea ananiambia, "Rudi nyuma, mwanangu, hapo umeruka." Nilijifunza Kiswahili cha kusoma mbele za watu kwa kitabu kile. Watu walionisifu baadaye kwamba nina ulimi, ulimi ule ulinolewa Vitengeni juu ya ungo wa mahindi.

Nilipokuwa kijana, mihadhara ilikuwa ndiyo mpira wetu. Uwanja karibu na Kisumu Ndogo, hapa hapa Malindi, ulijaa mpaka watu wanapanda kuta. Meza mbili, Waislamu huku, Wakristo kule, vipaza sauti kila upande. Wewe umeikuta ya kwenye simu, kwa hivyo nikueleze ilivyokuwa. Mzungumzaji hakushika kitabu. Kitabu alishika msomaji, amesimama ubavuni kwake. Mzungumzaji anaita sura na mstari, msomaji anasoma, na panapomfaa mzungumzaji anasema, "Simama hapo!" na msomaji anasimama. Mzungumzaji wetu alikuwa Ustadhi Sudi, Mungu amrehemu, na msomaji wake alikuwa mimi. Msomaji wa Biblia upande wa Waislamu! Nilijulikana mpaka Mambrui. Kanda zetu zilipigwa madukani, na mimi nilikuwa nikipita naisikia sauti yangu nageuza shingo kama sijui ni nani.

Na kile kitabu nilichokuwa nikisomea, Rukia, kilikuwa ni cha Mjomba. Nilikwenda nikamwomba aniazime. Sikumficha, nilimwambia ni cha mihadhara. Alifurahi, masikini. Alisema, "Chukua, wewe ndiye mwenye macho. Angalau kitasomwa."

Siku moja upande wa Wakristo mzungumzaji wao hakuja. Wakahangaika, wakatafuta mtu, na mtu mwenyewe aliyepanda kwenye jukwaa ni Mjomba Kazungu, shemasi wa Vitengeni, amevaa koti lake la Jumapili. Alikuja mjini kuuza mahindi. Alikuja mikono mitupu, kwani kitabu chake ninacho mimi. Ningeweza kumwambia Ustadhi, "Huyu ni mjomba wangu, leo nisamehe." Neno moja tu hilo. Lakini uwanja ulikuwa umejaa, na nilikuwa nimevaa kanzu mpya.

Ustadhi akaita mstari. Sikuandikii ni upi, kwa sababu nakujua, ungeufungua sasa hivi uanze kutafuta jibu na barua ungeiacha. Mstari ule una mwanzo na una mwisho. Mwanzo wake ulikuwa upande wetu. Mwisho wake unaugeuza. Nilisoma mwanzo, Ustadhi akasema, "Simama hapo!" nikasimama. Akamgeukia Mjomba. "Haya, mzee, jibu!"

Mjomba alikuwa ameinamisha kichwa vile anavyosikiliza, mikono imesimama juu ya meza. Hakumjibu Ustadhi. Aliniita mimi. "Endelea, mwanangu. Mstari haujaisha."

Alinijua kwa sauti. Na mstari ule aliujua kwa moyo, na aliyemtilia moyoni ni mimi, kwa kinywa hiki, nikiwa na miaka kumi. Hakuwa na namna nyingine ya kujibu, isipokuwa mimi nimsomee. Ustadhi akanitazama. Nikafunga kitabu. Nilikifunga kwa kishindo, karibu na kipaza sauti, makusudi, na watu wakapiga takbira mpaka vumbi likapanda.

Kishindo hicho kimo kwenye kanda, kama umesikiliza vizuri. Nadhani ulidhani ni mlango.

Mjomba alingoja kidogo. Kisha akasema, "Haya," akapapasa ukingo wa meza, akatafuta ngazi kwa mguu, akashuka. Hakuna aliyemshika mkono.

Ningependa kukwambia niliacha siku ile. Wapi! Niliendelea miaka miwili zaidi, nikapata na mwaliko wa Takaungu. Unajua kilichonitoa? Mamangu aliugua. Mwalimu mmoja wa bara, mteja wangu, mtu ambaye alinitamkia wazi kwamba haamini Mungu, alitoa gari lake atupeleke hospitali. Mama anatapika kiti cha nyuma, na mimi nimekaa mbele namthibitishia mwalimu uwepo wa Mwenyezi Mungu. Astaghfirullah! Yule bwana aliniambia kwa upole, "Fundi, geuka umshike mama." Nililazimika kuambiwa na asiyeamini. Mpaka leo naona haya nikipita alipokuwa akikaa.

Mama hakurudi nyumbani. Siku ya maziko, watu wa Vitengeni walishuka. Nilikuwa naingia msikitini kusalia jeneza, nikaguswa bega. Mjomba Kazungu, ameongozwa na mtoto wake. Akaniuliza, "Mwanangu, nisimame wapi nisiwaudhi?" Dadake ndiye aliyelala kwenye jeneza lile, dadake aliyemnunulia sufuria, naye ananiuliza mimi asimame wapi. Nilimwonyesha kivuli cha ukuta. Kuanzia siku hiyo sikupanda jukwaani tena, na watu wakadhani ni kwa ajili ya msiba.

Mwanangu, sitaki unisikie vibaya. Sikwambii kwamba dini zote ni mamoja. Siamini hivyo, na Mjomba haamini hivyo, muulize uone atakavyokufokea. Mimi ni Mwislamu, nataka uishi Mwislamu na ufe Mwislamu, na huko unakokwenda utakutana na watu watakaokucheka kwa hijabu yako na wengine watakaokuuliza maswali ambayo mimi babako sina majibu yake. Uliza na wewe. Bishana. Una akili kuliko niliyokuwa nayo, na ukweli si yai, hauvunjiki kwa kuguswa. Utakaa chumba kimoja na msichana ambaye haendi kanisani wala popote, naye pengine ndiye atakayekupikia uji ukipata homa. Msikilize mpaka mwisho. Hilo tu ndilo nililoshindwa.

Tena hili tumefundishwa chuo cha Kurani, wewe na mimi, na maalim yule yule karibu atuchape sote wawili. Unakumbuka alama ndogo ndogo za kusimamia kwenye msahafu? Alikuwa akisema mahali pa kusimama ni amana, ukisimama pasipo pake unaweza kuigeuza rehema kuwa laana na hujaongeza hata herufi. Mimi nilizishika zile alama kwa kitabu chetu, kwa kitabu cha mjomba wangu sikuzijali. Nikajiita mtetezi wa haki.

Unasema hukusema uongo. Kweli, hukusema. Mimi pia siku ile sikusema uongo, kila neno nililolisoma limo kitabuni. Hiyo ndiyo inayonitia uchungu, mama, kwamba nilifanya dhuluma ile bila kusema uongo hata mmoja, na nikakulea wewe kwa kanda zake.

Sasa nije kwenye simu yako. Nilisikiliza hapa dukani, mlango nimeuegesha. "Sijui, mjukuu wangu." Pale ulipokata. Ila mzee hakuwa amemaliza, alikuwa anameza mate tu. Najua kwa nini uliyaacha yaliyofuata, uliniambia huko mbele anazungumza mambo ya kale yasiyohusu swali. Umeyasikia lakini hukuyajua. Sasa yasikie tena, nimeyaandika kama alivyoyasema, nimerudisha nyuma mara nne nisiruke neno:

"Sijui, mjukuu wangu. Mimi kitabu nilisomewa. Aliyenisomea alikuwa mtoto wa Kiislamu, na kila jioni akimaliza nilimwombea Mungu asiniachie nikamtoa kwenye dini ya babake, maana niliazimwa tu yule, si wangu. Alikuwa akisoma vizuri! Siku moja akaachia katikati. Labda alichoka. Namngoja amalizie."

Halafu akacheka kidogo. Na wewe ukamwuliza, "Haya Babu, na mnazi wa koma je?" mkaendelea.

Rukia, zaidi ya miaka thelathini. Nimekwenda kwake Idi zote, nimekwenda Krismasi zake, nimechinja kuku kwa kisu chake na kula kwenye sufuria ile ile. Hakunitajia uwanja ule hata siku moja. Mimi nami sikutaja. Mara moja tu nilijikaza nikasema, "Mjomba, nikusomee?" Akasema, "Yapumzishe macho yako, unashona mchana kutwa." Nilishukuru, wallahi nilishukuru, nikanywa chai yangu upesi nikaondoka. Nilidhani amenisamehe au amesahau. Kumbe ananingoja nirudi kusoma, na mimi nilikuwa narudi kula.

Niliogopa. Andika hapo moyoni kwamba babako, ambaye hakuogopa maaskofu na vipaza sauti, alimwogopa mzee mmoja kipofu kwa sababu alikuwa mpole.

Basi lako ni la kesho saa mbili usiku. Mimi asubuhi nitapanda gari la kwanza la Vitengeni, kwa hivyo ukiamka utaikuta barua hii chini ya chupa ya achari na mimi sipo. Kile kitabu nimekitoa juu ya kabati. Jalada limeliwa na mende, lakini ukurasa ule upo, na alama yangu ya kalamu nyekundu ipo, pale pa kusimama. Jogoo amefungwa miguu jikoni, naondoka naye. Usimwamini mamako akikwambia nimemuuza.

Video wameiona wajukuu zake wote. Sijui kama kuna aliyemwambia. Kama hajaambiwa, nitamwambia mimi, na nitamwambia ulijifunza kwa nani. Sikulazimishi kuja. Umeshakuwa mtu mzima, na una haki ya kupanda basi lako bila kunipa mkono, nami nitakuombea dua vile vile njia nzima. Lakini gari la saa tatu asubuhi utaliwahi, utarudi Malindi na jua bado lipo, na ile sufuria inatosha watu watatu. Ukija, njoo na simu. Mwekee mbele tena, umwambie umeiweka, kisha umwulize lolote unalotaka, na safari hii uiache mpaka anyamaze mwenyewe.

Kama hutakuja, basi nakuaga hapa hapa kwa kalamu: nakupenda, nimekuwa najivunia ulimi wako tangu ulipokuwa huna meno, na nimekusamehe kila kitu kwa sababu ni changu.

Mimi nikifika, hata kama hajamaliza kunijulia hali, nitamketisha na ungo wake. Nitakifungua kitabu kwenye ile kalamu nyekundu. Nitamwambia, "Mjomba, mstari haujaisha," na nitasoma.

Babako